Bado Nakusanya Sarafu, Hata Kama Nimesota

Wiki jana msee mmoja alinitumia swali kwa inboksi: "Buda, bado uko na ile stori ya sarafu za zamani? Na vile maisha imekuwa ngumu?" Nikaanza kuandika jibu fupi, nikafuta. Nikaandika lingine, nikafuta pia. Hii posti ndiyo jibu lake.

Kwanza tuambiane ukweli. Nimesota. Tangu Januari kazi zimekauka. Wateja wawili wa kupigiwa video wamenizungusha mpaka nimechoka kuwakumbusha, matangazo hayaji, na posti zangu zinafikia watu wale wale mia tatu ambao nusu yao nilisoma nao. Naishi keja ya chumba kimoja hapa Riruta, upande wa Satellite, na keateka wangu siku hizi ananisalimia kwa kuniuliza tarehe. Chuo niliacha mwaka wa pili baada ya fee kukataa kupatikana, kwa hivyo hakuna cheti nimeficha mahali inayoningoja.

Na bado kila Jumapili jioni natoa mkebe wa Kimbo chini ya kitanda, natandaza gazeti kwa meza, naanza kupanga sarafu.

Maoni yangu ni haya: miezi ikikauka ndiyo wakati hobi ina kazi kubwa kwako. Na kosa letu sisi vijana wa Nairobi ni kuamini kwamba kitu isipoleta pesa ni ujinga. Mimi niliamini hivyo. Ikanigharimu noti moja ambayo sitaipata tena.

Mkebe ulitoka wapi

Mkebe ni wa shosho, anaishi Kikuyu. Mimi nimepewa jina la guka, kwa hivyo tangu nikiwa mtoto yeye huniita "mzee wangu" mbele ya watu bila aibu. Guka alipoaga, shosho alinipa mkebe na kusema, "Mzee wangu, hizi zilikuwa zako hata kabla uzaliwe. Ziweke."

Ndani kulikuwa na vitu sijawahi kuona. Sarafu za shaba zenye shimo katikati, zimeandikwa "East Africa", kutoka wakati Kenya, Uganda na Tanganyika zilitumia pesa moja. Shosho anasema walikuwa wanazifunga kwa kamba ndio zisipotee. Kulikuwa na ndururu, yaani senti tano, na sumuni kadhaa. Kulikuwa na shilingi za Mzee Kenyatta. Kenya ilianza kutumia shilingi yake mwenyewe Septemba 1966, karibu miaka mitatu baada ya uhuru, na hiyo peke yake sikuwa nimefunzwa shule. Kulikuwa na ile tano-bob ya Moi ya 1985 yenye pembe saba, ambayo ukiishika gizani unaijua. Na kulikuwa na noti ya shilingi ishirini ya wakati wa Kenyatta, imekunjwa mara nne. Hiyo noti tutairudia.

Mimi nikaongeza zangu. Ya kwanza ilikuwa shilingi arobaini ya 2003, ile ya kuadhimisha miaka 40 ya uhuru, yenye sura ya Kibaki. Nilizaliwa 2003, kwa hivyo mimi na hiyo sarafu tuko rika moja. Kibaki alikaa ikulu miaka kumi na kwa sarafu za kawaida za mfukoni utampata kwa hiyo moja tu. Kutoka 2005 sura ya Mzee Kenyatta ilirudi, halafu Katiba ya 2010 ikaja na Kifungu cha 231 kusema pesa yetu isiwe na picha ya mtu yeyote binafsi. Ndio maana Desemba 2018 tukapata wanyama: twiga kwa bob moja, kifaru kwa tano, simba kwa kumi, tembo kwa ishirini.

Ukipanga hizo sarafu kwa mstari mmoja kwa meza, kutoka mfalme wa Uingereza hadi twiga, umeona siasa ya hii nchi bila mtu kukupigia kelele.

Kwa nini mambo yamepoa

Kupoa kwa hobi hii kuna sababu mbili, na moja tu ndiyo mfuko wangu.

Ya pili ni kwamba pesa yenyewe imepotea mikononi. M-Pesa ilianza 2007 nikiwa na miaka minne. Leo naweza kutoka Riruta mpaka tao, nikule, ninunue mboga nikirudi, na sijashika hata bob moja. Kondaa ana namba, mama mboga ana till, hata kinyozi. Zamani ulikuwa unapata sarafu ya ajabu kwa chenji. Sasa chenji yenyewe ni meseji.

Kwa hivyo kuna wiki mbili, tatu, hakuna kitu kipya kinaingia kwa mkebe. Na sina pesa ya kununua kwa wenye kuuza. Hapo ndipo watu wengi huacha. Hakuna siku unaamka ukasema umeacha. Unakosa Jumapili moja, halafu nyingine, halafu mkebe unakuwa wa kushikilia mlango.

Vile nilijiharibia

Wale mmekuwa hapa kitambo mnakumbuka nilitoa video kuhusu ile arobaini ya Kibaki. Ilienda. Watu walishea, nikafurahi, nikadhani nimepata njia. Lakini angalia maswali yaliyokuja: "Inauzwa ngapi?" "Niko nayo, unanunua?" "Ni kweli kuna mzungu anainunua laki mbili?"

Hakuna aliyeuliza kwa nini Kibaki yuko pale.

Na mimi, kwa sababu nilitaka namba, nikafuata bei. Kila video ikawa ya thamani. Nikaanza kuangalia mkebe wa guka kama duka. Sarafu ambayo haingeleta watazamaji sikuitoa hata kuipangusa. Halafu video ya nne ikaanguka, ya tano ikaanguka zaidi, na nikagundua kitu cha kutisha: sikuwa nataka tena kufungua mkebe. Hobi niliyoanza nikiwa sina follower hata mmoja ilikufa siku nilipoanza kuidai mshahara.

Mwezi huo ndio keateka alileta kufuli. Nilikuwa nimebakisha doo kidogo ya rent, hata si nyingi. Nikachukua ile noti ya ishirini, nikaenda tao, nikamuuzia mtu shilingi 1,500. Hakubishana bei hata kidogo, na hiyo ingenifungua macho. Nikalipa rent, nikalala.

Krismasi nikaenda Kikuyu na mkebe, kwa sababu shosho hupenda tukizipanga pamoja. Alizihesabu polepole na vidole vyake vile, akafika mwisho, akaanza tena. Akauliza, "Na ile noti?"

Nikamwambia niliuza. Hakunigombeza, na ingekuwa afadhali angenigombeza. Alisema hiyo noti ilikuwa ya mshahara wa kwanza wa guka baada ya wao kuoana, na guka alikataa kuitumia hata siku ambazo walikuwa na njaa. Halafu akasema, "Mzee wangu, nilikupa uweke. Ungeniambia una shida, ningekutumia."

Nikirudi, kabla hata mat ifike Dagoretti Corner, simu ikalia. Shosho amenitumia mia tano kwa M-Pesa. Sijawahi kuona pesa nzito kama hiyo, na hata haikuwa ya kushika.

Bei ni stori ya baadaye

Mtu atasema, lakini si hizi vitu huwa na thamani? Zingine ndio. Wacha nikupe mfano wa mbali kidogo.

Marekani kuna watu wanakusanya kadi za wachezaji wa besiboli. Agosti 2022 kadi moja ya Mickey Mantle ya mwaka 1952, iliyotengenezwa na Topps, iliuzwa kwa dola milioni 12.6. Ukisikia hivyo unataka kukimbia kutafuta kadi. Lakini stori maarufu ya kadi hizo ni kwamba wakati wake hazikutoka vizuri, na mwaka 1960 kampuni yenyewe ikapakia masanduku yaliyobaki kwa mashua na kuyatupa baharini. Hakuna aliyeona maana. Zilizobaki zilibaki kwa sababu kuna watoto walizipenda tu, wakaziweka.

Sasa angalia upande wa pili. Mwishoni mwa miaka ya 80 na mwanzo wa 90, Wamarekani walishajua kadi zina pesa. Wakanunua maboksi kwa maboksi, hawakuyafungua hata, wakisema yatalipia watoto chuo. Kampuni nazo zikachapisha bila breki. Leo kadi nyingi za miaka hiyo hazina bei ya maana, kwa sababu kila mtu alihifadhi kitu kile kile akingoja kuomoka nacho.

Turudi nyumbani. 2019 serikali ilileta noti mpya na kusema elfu moja ya zamani itakufa Septemba 30. Nilikuwa Form 3. Nakumbuka mathe akipekua makoti yote kabatini. Baada ya tarehe hiyo, Benki Kuu ilisema zaidi ya noti milioni 7 hazikurudishwa, yaani zaidi ya shilingi bilioni 7 ziligeuka karatasi. Mimi niko na moja, shosho aliipata ndani ya Biblia mwaka uliofuata. Kila mwezi naona mtu mtandaoni akiuza yake elfu kumi, anasema ni adimu. Msee, mko milioni saba. Hiyo si adimu, hiyo ni foleni.

Na hao wanaosema watanunua arobaini yako ya Kibaki kwa laki, bora utume kwanza "pesa ya usajili"? Usitume. Mnunuzi wa kweli anakupa pesa, hakuombi.

Yangu naiweka kwa sababu ilikaa kwa Biblia ya shosho, kwa Zaburi, mahali alipokuwa ameificha ili isitumike vibaya. Hiyo stori hakuna mwingine kati ya hao milioni saba ako nayo.

Vile naendelea bila pesa

Nimejifunza kupunguza hobi bila kuizima. Hizi ndizo nafanya, na hakuna hata moja inayohitaji mfuko.

Nawinda kwa pesa inayopita. Nikitoa cash kwa wakala, naangalia kila noti kabla niitumie. Noti za 2019 zina saini ya Gavana Patrick Njoroge. Kuanzia Agosti 2024 Benki Kuu ilianza kutoa zingine za muundo ule ule, lakini zina saini ya Kamau Thugge, mwaka 2024, na uzi wa usalama unaobadilisha rangi. Wengi wetu tumezishika na hatujaona tofauti. Mimi nilikuwa na lengo la kuona zote mbili kwa kila noti, kutoka finje hadi thao. Kuona tu, naandika kwa kitabu, halafu naenda kununua unga nayo. Mkusanyo wa kitabu hauna gharama.

Geuza noti pia usome mgongo. Hamsini ni kawi safi, mia ni kilimo, mia mbili ni huduma za jamii, mia tano ni utalii, elfu ni utawala. Tumezishika miaka yote hii na ukiuliza watu kumi kwa stage ya Kawangware 46, nakuhakikishia tisa watacheka.

Naandika majina. Nina ukurasa wa kile watu huita pesa. Kobole, ashu, mbao, finje, soo, rwabe, jirongo, ngiri. Jirongo unaijua asili yake? Mia tano ilipewa jina la Cyrus Jirongo kwa sababu ya vile hizo noti zilimwagwa kwa kampeni za 1992, wakati alikuwa anaongoza Vijana wa KANU '92. Uchaguzi mzima umefichwa kwa neno moja la mtaani. Wazee wa mtaa wakikaa nje ya kiosk nawauliza waliita nini enzi zao. Wananipa bure, na wengine wananiongezea chai.

Nabadilishana. Kuna jirani yangu fundi wa viatu alikuwa na shilingi mbili za Moi zinazofanana. Nikampa moja ya Kenyatta ambayo nilikuwa nayo mara tatu. Hakuna bob ilitembea, na sasa na yeye ameanza, ameweka zake kwa kikopo cha rangi ya viatu.

Natunza zilizopo. Usisugue sarafu ya zamani kwa steel wool ndio ing'ae, unaondoa ngozi yake na hairudi. Usibandike noti kwa selotepu, gundi inaila. Zikae pakavu, kwa bahasha ya karatasi, uandike umeipata wapi na kwa nani. Hiyo "kwa nani" ndiyo nilikosa kuandika kwa noti ya guka. Ningeiandika, nisingeiuza.

Ubishi wenu nausikia

Najua kuna mtu anasema: wewe uko na wakati wa kuchezea sarafu, wenzako wanatafuta chakula. Fair, hiyo ni haki yako kusema. Hata mimi natafuta. Na kama uko na njaa ama mtoto ni mgonjwa, uza. Hakuna sarafu inayozidi mtu, na sitaki mtu alale njaa amekumbatia mkebe kwa sababu alisoma posti yangu. Lakini kabla uuze, jiulize umeshaomba wapi. Mimi sikuwa nimeomba mtu yeyote. Aibu ndiyo iliniuzia ile noti, njaa haikuwa hata karibu. Niliona ni rahisi kuuza kitu cha guka kuliko kumpigia shosho niseme nimekwama.

Mwingine atasema hobi bila pesa ni kupoteza wakati. Nenda Kenyatta Market. Ukipita nyama choma na wale wa kusuka nywele, kuna kibanda cha Jimmy Rugami, wengi humwita Real Vinyl Guru. Anauza santuri tangu miaka ya 80. Kaseti ikaja, CD ikaja, simu ikaja, watu wakatupa santuri zao, na yeye akakaa. Leo vijana wa rika yangu wanaenda kwake kutafuta benga na rumba kwa sahani, na watu kutoka nchi za nje wanapiga picha pale. Sisemi ukae miaka thelathini ndio utajirike. Nasema angefunga wakati mambo yalipoa, hizo nyimbo zingine tungekuwa tunazisikia kwa mdomo tu.

Mtu lazima akae na kitu wakati hakina maana kwa wengine, la sivyo hakitakuwepo wakati maana itarudi.

Na kuna sababu yangu ndogo, ya ndani. Nilipoacha chuo, kila kitu nilichofanya kilikuwa cha kuthibitisha kwamba sijapotea. Kila posti, kila kazi, kila picha. Jumapili jioni na mkebe ni saa moja kwa wiki ambayo sithibitishi kitu kwa mtu. Nikimaliza, bado nimesota, keateka bado yuko, lakini nimekumbuka kwamba kuna vitu najua na hakuna aliyenilipa nizijue.

Kwa hivyo ndugu yangu wa inboksi, ndio, bado niko na hiyo stori. Mkebe una sarafu 61 na noti 9. Kuna bahasha moja haina kitu ndani. Nje nimeandika: "Shilingi ishirini. Mshahara wa kwanza wa guka baada ya kuoa. Niliiuza." Hiyo nayo naihesabu.

Wewe uko na nini nyumbani ambacho uliacha kukiangalia kwa sababu mambo yamekuwa magumu? Albamu ya stika za mpira, kadi za simu za kukwaruza, tiketi za mechi, barua? Kitoe leo, ukipanguse, uandike kilitoka kwa nani. Usiniulize bei.